Kutengeneza na Kupima Brashi za Nyuzi za Shaba kwa Miguso ya Umeme Inayoteleza

Fundi yeyote aliyewahi kufungua drili, jenereta au stata ya gari amevikuta vile vipande vyeusi vya kaboni vinavyogandamizwa na springi juu ya shaba inayozunguka, na huenda amejiuliza kwa nini kitu kigumu kisicho na unywele hata mmoja kinaitwa brashi. Jina hilo limebaki kutoka umbo la kwanza. Katika dainamo za karne ya 19 mkondo ulichukuliwa kwa vifungu vya waya za shaba vilivyosugua silinda inayozunguka, navyo vilifanana kweli na brashi ya kupakia rangi. Mwaka 1885 George Forbes, mwanafizikia kutoka Uskoti, alipata hataza ya kutumia kaboni mahali pa waya, na baada ya muda mfupi kaboni ikashika karibu kila mashine.

Aliyezirudisha nyuzi za metali kwa hesabu na majaribio, si kwa kubahatisha, ni Doris Kuhlmann-Wilsdorf, aliyezaliwa Bremen, Ujerumani, mwaka 1922, akafundisha kwa miaka kadhaa katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand mjini Johannesburg, kisha akafanya kazi yake kubwa katika Chuo Kikuu cha Virginia nchini Marekani. Hataza yake iliyotolewa mwaka 1982 ilieleza brashi iliyotengenezwa kwa nyuzi nyembamba sana zilizofumbatwa ndani ya metali nyingine, ambayo baadaye huyeyushwa kwa tindikali ili nyuzi zibaki huru. Njia hiyo inahitaji maabara. Njia ninayoieleza hapa inahitaji waya nyembamba, jiliwa, chuma cha kulehemu na subira nyingi, nayo inatoa brashi ndogo yenye uso wa milimita 5 kwa 5 inayoweza kubeba ampea 10 bila kupata joto la kutajika.

Kwa nini nyuzi nyingi hushinda kipande kimoja

Nyuso mbili za metali zinapogusana, hazigusani kila mahali, hata kama macho yanaziona laini kabisa. Zinagusana kwenye vilele vichache tu, na mkondo wote hulazimika kujibana kupitia madoa hayo. Kipande kizima cha kaboni huegemea madoa machache mno, ambayo huhamahama kadiri pete ya shaba iliyo chini yake inavyozunguka. Nyuzi 1,920 za brashi yetu, kila moja ikiwa huru kupinda na kufuata uso wa pete peke yake, hutoa madoa yasiyopungua idadi yake, na kila uzi hubeba takriban miliampea 5 tu pale brashi nzima inapobeba ampea 10.

Jambo la pili halionekani kwa macho, nalo ndilo linalotawala kazi yote. Juu ya shaba safi iliyo kwenye hewa yenye unyevu hujishikiza utando wa maji wenye unene wa molekuli moja. Nyuso mbili zinapokutana, tando mbili hubaki katikati, kwa pamoja zikiwa nyembamba kiasi cha karibu nusu nanomita. Utando huo huzuia shaba isishikane na shaba na kung'oana, yaani hufanya kazi ya kilainishi, lakini ni mwembamba kiasi kwamba elektroni hupenya. Ukinzani wake hukadiriwa kuwa 10⁻¹² omu-mita mraba. Brashi yetu ikigandamizwa kwa niutoni 0.25, na ugumu wa shaba ukichukuliwa kuwa paskali 10⁹, eneo halisi la mguso ni niutoni 0.25 kugawanywa kwa 10⁹, yaani mita mraba 2.5 × 10⁻¹⁰, na ukinzani wa utando unakuwa miliomu 4. Kwa ampea 10 hiyo ni milivolti 40. Brashi ya kaboni hupoteza karibu volti 1 katika mguso wake, na kwa kawaida haipewi zaidi ya ampea 10 hadi 20 kwa kila sentimita mraba, ilhali hii yetu inabeba ampea 40 kwa sentimita mraba.

Kutokana na hayo, kila hatua inayofuata inalenga mambo mawili: madoa yawe mengi na mepesi, na kati ya shaba na shaba pasikae kitu kingine ila ule utando wa maji. Mafuta ya vidole, mabaki ya rosini (utomvu unaotumiwa wakati wa kulehemu), nta au chumvi hutengeneza utando mnene zaidi, na kazi yote inaharibika.

Mahali pasipofaa

Kabla ya kukata waya hata moja, ni lazima niseme wazi kwamba brashi hizi si za kuweka kwenye drili, mashine ya kusaga wala mota yoyote yenye komyuteta ya kawaida, yaani ile silinda ya shaba iliyogawanywa vipande. Brashi inapopita kutoka kipande kimoja cha komyuteta hadi kingine, kwa muda mfupi huunganisha ncha mbili za koili moja, na ukinzani mkubwa wa kaboni ndio unaouzuia mkondo wa koili hiyo usiwe mkali. Shaba haina ukinzani huo, kwa hiyo cheche huwa kali na komyuteta huungua. Ndiyo sababu kubwa iliyoifanya kaboni ipendwe. Nyuzi za metali zinafaa kwenye pete nzima zisizokatwa vipande: pete za kupitisha mkondo au ishara kwenye antena inayozunguka, kuunganisha shafti na ardhi kwa umeme, na mota za aina ya homopola, zinazohitaji mkondo mkubwa sana kwa volti ndogo, ambazo Jeshi la Majini la Marekani limezifanyia utafiti kwa ajili ya kusukuma meli.

Vifaa

Tafuta waya ya shaba tupu yenye kipenyo cha milimita 0.05. Hupatikana ndani ya nyaya laini sana zenye ganda la silikoni, zile za kupimia za multimita, ingawa nyuzi zake nyingine hufika milimita 0.08. Waya za koili zenye vanishi zinauzwa kwa urahisi zaidi, lakini nisingezitumia: kuchoma vanishi huilainisha shaba na kuiachia kutu nyeusi, na kuiacha vanishi ni kupeleka takataka kwenye mguso kila brashi inapolika. Ukipata waya ya milimita 0.1 kazi itawezekana pia, ila nyuzi zitakuwa 480 tu kwa uso uleule na zitakuwa ngumu zaidi kupinda.

Vingine ni bamba la shaba la unene wa milimita 0.5, chuma cha mraba cha milimita 5 cha kukunjia, risasi ya kulehemu, mshumaa, wembe, msasa laini wa namba 1000 na 2000, mafuta ya taa, asetoni, spiriti safi, mizani ya sonara inayosoma miligramu, na glavu zisizo na unga. Vaa miwani tangu mwanzo, kwa sababu vipande vya nyuzi hizi huruka na kuingia jichoni au kuchoma ngozi bila kuonekana. Fanya kazi penye hewa, na asetoni ikae mbali na chuma cha kulehemu na mshumaa.

Hesabu ya nyuzi

Brashi haitakiwi kujaa. Nyuzi zikibanana huacha kuwa nyuzi, zikawa kipande kimoja tena. Uwiano mzuri ni shaba kuchukua karibu asilimia 15 ya uso, na sehemu iliyobaki iwe hewa. Uso wa milimita 25 za mraba unahitaji shaba ya milimita za mraba 3.75, na kila uzi wa milimita 0.05 una eneo la milimita za mraba 0.00196, kwa hiyo nyuzi zinazotakiwa ni kama 1,910; tutachukua 1,920, yaani mafungu 24 ya nyuzi 80. Hakuna anayeweza kuzihesabu moja moja. Mizani itakuhesabia: mita moja ya waya hii ina miligramu 17.6, kwa hiyo nyuzi 1,920 zenye urefu wa milimita 25, ambazo kwa pamoja ni mita 48, zina uzito wa gramu 0.84.

Hatua ya 1: kuzungusha na kukunja

Chukua ubao laini ambao mzingo wake ni sentimita 60, uusafishe kwa spiriti, kisha uzungushe waya mara 80 bila kuivuta kwa nguvu. Kata fungu mahali pamoja ili upate nyuzi 80 zenye urefu wa sentimita 60, na ufunge ncha kwa uzi wa pamba.

Nyuzi zilizonyooka zikisimamishwa pamoja hulaliana na kushikana kama nywele zilizolowa. Ili nafasi zibaki sawasawa, kila uzi unahitaji mawimbi madogo. Pitisha fungu polepole kati ya magurudumu mawili ya meno ya plastiki, kama yale ya printa chakavu, yakiwa yameachana kidogo ili yapinde waya bila kuikata. Lipitishe fungu sehemu kwa sehemu, huku ukiligeuza, ili mawimbi ya uzi mmoja yasilale ndani ya mawimbi ya jirani yake. Hatua hii huonekana ndogo na wengi huiruka. Mimi naiona ndiyo inayotenganisha brashi na kifungu cha waya.

Baada ya hapo kata fungu katika vipande 24 vya milimita 25. Vikusanye, vipime, na upunguze au uongeze hadi gramu 0.84. Vioshe katika asetoni, kisha katika spiriti, na usiviguse tena kwa mkono mtupu.

Hatua ya 2: kifuko na lehemu

Kunja bamba la shaba kuzunguka kile chuma cha mraba upate kifuko chenye tundu la milimita 5 kwa 5 na kina cha milimita 10, uzibe upande mmoja na ulehemu mshono wake. Tumbukiza nyuzi zote zikiwa zimesimama, gonga kifuko taratibu juu ya meza mpaka ncha zifike chini, na utazame kwa lenzi ya kukuza kama zimesambaa hadi kwenye pembe.

Hatari kubwa iko hapa. Risasi iliyoyeyuka hupanda kati ya nyuzi nyembamba kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi, na ikifika juu nyuzi zote zinakuwa fimbo moja. Tunataka risasi ijaze milimita 5 za chini tu. Kwa kuwa asilimia 85 ya nafasi ni tupu, ujazo unaohitajika ni milimita za ujazo 106, karibu gramu 0.9 za risasi yenye bati nyingi. Pima kiasi hicho na usiongeze hata tone. Kabla ya kulehemu, paka sehemu ya juu ya nyuzi chaki iliyosagwa na kuchanganywa na maji, uiache ikauke, na ubane nusu ya juu ya kifuko kwa koleo la chuma ili linyonye joto. Pasha moto kutoka chini na uingize risasi kupitia tundu dogo lililotobolewa karibu na kitako. Lehemu pia waya nene ya mkondo kwenye kitako katika moto huohuo, maana kukipasha mara ya pili ni kuipa risasi nafasi nyingine ya kupanda.

Kikishapoa, osha chaki kwa maji mengi na rosini kwa spiriti ya vuguvugu. Sukuma nyuzi kwa kijiti cha mbao: zinapaswa kupinda na kurudi. Zikigoma, risasi imepanda, na hakuna dawa ila kuanza upya.

Hatua ya 3: kusawazisha uso

Nyuzi zitokeze milimita 6 nje ya kifuko. Wembe peke yake huziacha na ncha zilizopindana, kwa hiyo zijaze kwanza nta ya mshumaa iliyoyeyuka, iache igande, kisha kata na usugue kwa msasa namba 1000 uliozungushwa juu ya pete itakayotumika, msasa ukitazama nje, ili uso wa brashi uchukue mviringo wa pete. Malizia kwa namba 2000.

Nta lazima itoke yote. Itoe kwa mafuta ya taa ya vuguvugu yaliyopashwa ndani ya maji ya moto, mbali na moto wowote; kisha badilisha asetoni mara tatu, na mwisho spiriti. Tone la asetoni ya mwisho likiachwa likauke juu ya kioo safi lisiache alama yoyote. Likiacha, rudia. Punje za msasa zilizojificha kati ya nyuzi hutoka katika miosho hiyohiyo iwapo utaielekeza brashi chini huku ukiitikisa.

Kifaa cha kupimia

Kereza pete ya shaba yenye kipenyo cha milimita 60, uing'arishe kwa msasa namba 2000 na kuisafisha kama ulivyosafisha brashi. Izungushe kwa mota ndogo kwa mizunguko 500 kwa dakika, na uitenge na shafti kwa plastiki ngumu. Mwendo wa uso wake utakuwa mita 1.57 kwa sekunde.

Brashi mbili zinahitajika, moja ya kuingiza mkondo na nyingine ya kuutoa, pamoja na brashi ya tatu ndogo isiyobeba mkondo, ambayo kazi yake ni kuionyesha mita volti ya pete yenyewe. Bila hiyo ya tatu utasoma jumla ya miguso miwili na hutajua ni upi mbaya, ilhali brashi chanya na brashi hasi mara nyingi hazilingani. Nyaya za mita ziunganishwe kwenye kitako cha kila brashi na ziwe tofauti na nyaya za mkondo.

Kila brashi ikae kwenye mkono mwepesi unaopinda kwenye bawaba, na uzito uwekwe juu yake. Kanuni ya kuanzia ni niutoni 1 kwa sentimita mraba, kwa hiyo brashi yetu ya robo sentimita mraba inahitaji niutoni 0.25, sawa na uzito wa gramu 25. Fundi aliyezoea springi za kaboni ataona uzito huo ni mdogo mno na atatamani kuongeza. Asiongeze. Nguvu ikizidi, vilele vya shaba huvunja ule utando wa maji, metali hushikana, na nyuzi huanza kung'olewa. Ilaze brashi kwa pembe ya digrii 10 hadi 15 ili ncha zifuate mwendo wa pete, wala zisiukabili, na pete isigeuzwe kurudi nyuma hata mara moja.

Upimaji

Endesha kwanza kwa saa 1 bila mkondo ili ncha zikae. Kisha weka ampea 1, halafu 2, 5 na 10, ukisubiri dakika 10 kila mara, na uandike milivolti za kila brashi, mtikisiko wa volti unaosomeka kwa mita ya volti geu, joto la hewa na unyevu wake. Zima mkondo kabla ya kusimamisha pete au kuinua brashi, kwa kuwa cheche moja huunganisha ncha nyingi kuwa tone.

Volti ikipanda sawia na mkondo, ukinzani haubadiliki na mguso ni mzima. Kati ya milivolti 30 na 80 kwa ampea 10 ningeridhika kwa brashi ya kwanza. Ikianza chini kisha ikapanda saa hadi saa, shaba inaota kutu: katika maabara za Virginia brashi ziliendeshwa ndani ya hewa ya kaboni dioksidi yenye unyevu, ambayo huleta maji bila kuleta oksijeni, na chombo kilichofungwa chenye gesi hiyo kikipitishwa kwanza ndani ya maji huleta tofauti kubwa. Ikiruka juu na chini bila mpangilio, tazama kwanza kama pete inayumba, kisha kama kuna uchafu. Ikiwa ndogo sana, karibu sifuri, huku pete ikipata michirizi na brashi ikilia, usishangilie: utando umevunjika na shaba inakula shaba. Hewa ni kavu au uzito ni mkubwa. Brashi za grafiti za ndege za Vita Kuu ya Pili zilisagika vibaya kwenye anga ya juu kwa sababu iyo hiyo ya hewa kukosa unyevu.

Mkaaji wa pwani, Tanga au Mombasa, ana unyevu wa kutosha mwaka mzima, lakini hewa yake ina chumvi, na chumvi inayotua juu ya pete huvuta maji zaidi ya utando unaotakiwa na kuianzishia shaba kutu ya kijani. Afunike kifaa, na aioshe pete kwa maji yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke wake, kisha kwa spiriti, kabla ya kila jaribio.

Kiasi cha kulika

Pima uzito wa brashi kabla na baada, ikiwa safi na kavu. Kwa saa 10 pete huwa imepita chini yake kilomita 56.5. Kila milimita 0.1 ya urefu inayolika huondoa miligramu 3.4, kwa hiyo mizani ya miligramu inatosha kwa brashi mbaya na ya wastani. Gawanya urefu uliolika kwa umbali uliotelezwa, vyote katika mita: milimita 0.1 kwa kilomita 56.5 ni karibu 1.8 × 10⁻⁹. Brashi bora za maabara hufikia 10⁻¹¹, kiwango ambacho kwa saa 10 kingeondoa pungufu ya mikromita 1, na hakuna mizani ya sonara itakayokionyesha. Kwa brashi kama hiyo acha jaribio liende wiki kadhaa. Ukiwa na 10⁻⁹ na milimita 4 za kutumia, una kilomita 4,000, yaani takriban saa 700 kwa mwendo wetu.

Andika pia upande wa kila brashi, chanya au hasi, na usizibadilishane katikati ya jaribio. Ncha zikitazamwa kwa hadubini baada ya saa 10, zilizo nzima zina uso mdogo bapa unaong'aa. Zenye mkia uliovutwa kuelekea mwendo zilizidiwa uzito, na hapo punguza gramu 5, sawazisha uso upya na uanze kuhesabu saa kutoka sifuri.